Mgongo wa Mama na Mkao wa Mjusi

Mama alikuwa amepinda kiasi kwamba ukisimama mbele yake, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa viatu vyako. Nilichukia sana jambo hilo. Kila nilipofika nyumbani, kule chini karibu na Ishiara, hasira ilinipanda hata kabla sijapokea chai, na sikujua nimkasirikie nani: kuni na maji alivyobeba mgongoni miaka yote, au yeye mwenyewe aliyekataa tumnunulie punda, eti punda ana dharau.

Mimi hufanya kazi ya saluni mjini Embu. Kusimama kutwa kulinimaliza kiuno hadi nikajiunga na darasa la yoga, na mkao mmoja ukaniokoa. Unalala kifudifudi, unainua kichwa na kifua, mgongo unapinda kurudi nyuma. Unaitwa mkao wa swila. Nikaamua kumpelekea Mama mkao, jina niliache mjini. Angesikia tunainuka kama nyoka, jioni hiyohiyo ningeombewa.

Lakini sikukurupuka. Kwanza nilimpeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akaagiza picha, akatuambia mifupa imeanza kuwa dhaifu. Mkao alikubali, ila ule wa chini kabisa: viwiko vibaki sakafuni, kitovu kisibanduke, shingo isirushwe nyuma, pumzi isizuiwe. Mama akihisi ganzi mguuni au maumivu makali, aache papo hapo. Na mizigo ni marufuku.

Nilitandika mkeka, nikalala kando yake. Alipoinua kichwa alicheka.

"Mama, si hii ni ya mjusi? Si ndio hivi huwa inakaa kwa mawe ikiota jua?"

Huniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Ni ujanja wake wa siku zote. Akishaniita hivyo, hasira hunipungua nusu.

Kazi ikawa kumzuia. Mtu aliyelima maisha yake yote hajui kufanya kitu kidogo. Nikigeuka tu, amenyoosha viwiko, anasukuma sakafu, meno ameyakaza, jasho linamtiririka.

"Isipouma itafanya kazi aje?"

Nilimfokea. Nikamwambia hapa si shambani. Alishusha kifua polepole, akalaza shavu mkekani. Niliona haya, lakini sikuyafuta maneno yangu.

Baada ya miezi kadhaa tukaanza kuona tofauti. Alilala usiku bila kugeukageuka. Alisema kifua kimefunguka, pumzi inaingia hadi chini. Kanisani alisimama mpaka wimbo ukaisha. Hakunyooka kabisa, na mtaalamu hakuwa ametuahidi hilo, lakini sasa tuliweza kuongea tukiangaliana. Nilifurahi, na furaha yenyewe ikanitia hofu, maana Mama alikuwa mchangamfu kupita kiasi.

Jumamosi moja nilienda bila kupiga simu. Nilimkuta njiani akipanda kutoka mtoni, mtungi wa maji mgongoni, ukanda umemkaza kipaji cha uso. Wala hakujificha. Aliutua, akajinyoosha ili nimwone vizuri.

"Ona. Hainiumi. Nikifika nalala yangu ya mjusi, kesho narudi tena."

"Yule mtaalamu alisema nini kuhusu mizigo?"

"Hiyo alisema nikiwa mgonjwa. Sasa mimi ni mgonjwa?"

Nilimwambia mfupa mmoja ukivunjika hatainuka tena kitandani. Nilimwambia sikumfundisha yote yale ili arudi mtoni. Nikalia palepale njiani kama mtoto. Aliniacha nilie. Kisha akaniuliza, taratibu, kama mtu anayeshangaa kweli:

"Mama, kwani ulidhani nafanya hiyo mazoezi ndio nikae tu nyumbani?"

Nilinyoosha mkono nichukue mtungi. Aliniwahi. Alichuchumaa, akaweka ukanda kichwani, akainuka nao bila kushika chochote.