Waya wa Kupimia Kona

Mie utotoni sikuzipenda hesabu za maumbo. Nilizikariri kwa fimbo: pembe mraba nyuzi tisini, pembe mraba nyuzi tisini, mpaka leo nikiisikia kiganja kinawasha. Ndiyo maana nilipoanza ualimu niliapa kwamba watoto wangu wataigusa kwanza hiyo pembe, jina lije baadaye. Kuapa ni rahisi ukiwa kijana. Sasa nina miaka hamsini na kitu, magoti yananiuma, na darasa langu la sita huku Temeke lina watoto tisini na wanne, wengine wanakaa sakafuni.

Siku hiyo niliamka nimechoka. Lakini kamba za katani nilishazikata, nikasema haya, potelea mbali. Kila kundi lilitia mafundo kwenye kamba yake, nafasi kumi na mbili zilizo sawa, kisha wakatafuta wenyewe pembetatu zinazoweza kutoka. Makelele yake usiombe! Wakabishana weee, mpaka wakagundua kwamba ukivuta nafasi tatu huku, nne huku na tano kule, kona moja inalala sawasawa na kona ya daftari. Sikuwaambia mie. Nikawatoa nje wakapime kona yoyote waitakayo.

Kundi moja likaenda kwenye darasa jipya lililokuwa linajengwa, kuta zimefika mstari wa tatu wa tofali. Mara akaja binti mmoja mbio. Huyu toka ahamie kwetu kutoka bara alikuwa hajawahi kunyoosha mkono. Ukimuuliza swali anaangalia viatu.

"Shikamoo mwalimu," akasema, na asubuhi alishaniamkia. "Ile kona imekataa."

Nikaenda. Tatu kwenye ukuta huu, nne kwenye ukuta wa pili, na ile tano haifiki. Limebaki pengo la vidole vinne. Wakarudia mara tatu, pengo lilelile. Fundi akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Mwalimu, hawa wanao vipi tena? Mie napima kwa jicho mwaka wa ishirini huu."

Kugeuka, mwalimu mkuu amesimama nyuma yangu, ananitazama mie, hautazami ukuta. Alilisubiri sana lile darasa, na mie pia. Kichwani nikaona kuta zinabomolewa, ujenzi unasimama, watoto wangu wanabaki sakafuni mwaka mwingine. Sikuwa na nguvu ya ugomvi. Nikafunika kombe.

"Kamba yenu imelegea," nikawaambia watoto. "Rudini darasani."

Binti akaitazama kamba, akanitazama mie, akainamia tena viatu vyake. Miezi yote ile nimehangaika kumtoa kwenye ukimya wake, na nimemrudisha kwa sentensi moja. Loh, nilijichukia. Nilijichukia njia nzima mpaka nyumbani Kigamboni, na bado najiambia, jamani, si ukuta tu?

Kesho yake nikamkuta yule binti ananisubiri mlangoni. Mkononi ana waya mwembamba, ule wa kufungia nondo, na kila baada ya urefu wa rula amefunga kipande cha mfuko mwekundu. Nikahesabu nafasi. Kumi na mbili.

"Shikamoo mwalimu. Waya haulegei." Akauvuta ukanyooka. "Halafu kamba ikilegea inazidi, mwalimu. Ile ilipungua."

Nilikaa kwenye ngazi. Miaka yote nimetamani mtoto anijibu kwa akili yake mwenyewe, siyo kwa kukariri, na siku hiyo ilipofika nilikuwa nasutwa. Kengele ikalia. Nikaingia, nikawaambia wote tisini na wanne kwamba kamba zao hazikuwa na kosa, jana niliwadanganya. Tukasikia sepetu la fundi likikwangua zege huko nje.

"Kwa nini, mwalimu?" Alikuwa yule binti, mkono juu.

"Nilichoka, mwanangu. Na niliogopa."

Akashusha mkono. "Basi tukapime tena. Ukichoka, sie tutashika."

Tukatoka. Fundi alituona tangu mbali, akaweka mwiko chini. Mie nikashika ncha moja ya waya pale kwenye kona. Ncha ya pili akaichukua yule binti, akatembea nayo kando ya ukuta, na safari hii hakuangalia viatu.