Siku Walimu Walipoisahihisha Sauti ya Mke Wangu

Binti yetu aliacha kuongea shuleni muhula wa pili wa gredi ya nne. Nyumbani kwetu, mtaa wa Satellite hapa Nairobi, aliongea mpaka mama yake akamwomba apumzishe mdomo kidogo. Shuleni, kimya. Mimi nilikuwa nafundisha hesabu katika shule hiyo hiyo, shule ya kibinafsi kule Kileleshwa, vyumba viwili tu kutoka darasani kwake, na sikujua lolote. Niliambiwa na mwalimu wake wa darasa tukinywa chai.

"Mwalimu, msichana wako ana adabu sana," alisema. "Lakini ni mzito. Mmempima masikio?"

Tulimpima. Daktari mmoja mjini akasema masikio ni mazima kabisa. Mke wangu alianza kumwombea kila asubuhi huku akimfunga viatu. Mimi chakula kilinishinda. Nilimuuliza mtoto pole pole, nikamnunulia chipsi, nikamuuliza tena. Aliangalia vidole vyake tu.

Siku moja nikiwa sina kipindi nilisimama nje ya dirisha lao. Walikuwa wanasoma kwa sauti. Binti yangu alilelewa Limuru na nyanya yake kabla ya kuja kuishi nasi na, kama mama yake, anashrabu: l na r humchanganya. Alisimama akasoma, "Simba arirara chini ya mti." Darasa zima likacheka.

"Rudia," mwalimu akasema. Akarudia. "Rudia tena." Safari hii sauti ilikuwa imekufa. Mwalimu akatabasamu, tena kwa upole, akamwambia, "Keti tu, mum, tutajaribu kesho."

Aliyefuata alikuwa mvulana anayeongea Kiswahili kama katuni za Marekani, nusu ya maneno ameyavunjavunja. Huyo aliachwa akamaliza ukurasa mzima, akapigiwa makofi.

Nilimngoja mwalimu atoke, nikamwambia nilichokiona. Uso ulimbadilika.

"Unasema mimi nabagua? Mimi? Kwetu na kwenu ni karibu tu, Mwalimu. Namsahihisha juu nampenda."

Hakuwa anadanganya, na hilo ndilo lililonitisha. Mtu mbaya ningemshtaki. Huyu alikuwa mwalimu anayewafunga watoto vifungo vya sweta kukiwa na baridi. Ningeanzia wapi?

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Akanipa nafasi katika mkutano wa walimu wa Ijumaa, ila nisimtaje mtu. Nikawaza sana. Sisi walimu hatuamini hotuba, tunaamini maksi. Nikachukua jibu ambalo binti yangu alikuwa ameandika kuhusu jinsi mvua inavyotokea, jibu zuri, nikataka kulirekodi kwa simu likisomwa na sauti mbili tofauti. Nusu ya walimu wangesikia sauti moja, nusu nyingine ya pili, kila mtu aweke maksi.

Nilitaka mtoto asome mwenyewe. Mke wangu akakataa kabisa.

"Huwezi kumweka mtoto wangu mezani wamkatekate. Nitasoma mimi."

Yeye huuza katika duka la vifaa vya ujenzi River Road. Alisoma akiwa amesimama jikoni, mwiko bado mkononi: "Jua rinapochoma maji ya ziwa..." Sauti ya pili ilikuwa ya jirani yetu, msichana wa chuo anayesomea utangazaji. Nilipozisikiliza zote, nilijikuta naiamini zaidi ile ya jirani. Mke wangu alikuwa kando yangu. Niliizima simu haraka.

Ijumaa niliwaambia ni mwanafunzi wa masomo ya watu wazima. Waliomsikia jirani waliandika kwamba mwanafunzi huyu anaelewa vizuri. Waliomsikia mke wangu waliandika kwamba amekariri tu, kwamba asaidiwe. Nikawakusanya wote, nikawaambia jibu lilikuwa moja, neno kwa neno, na kwamba sauti moja ni ya mke wangu, nikawachezea sauti zote mbili. Mwalimu wa sayansi akafoka, "Huo ni mtego, Mwalimu. Umetuchezea." Mwalimu mkuu akafunga mkutano kwa maombi. Mwalimu wa binti yangu alitoka bila kuaga.

Nyumbani mke wangu hakungoja nikae.

"Walinipa ngapi?"

Ningeweza kumdanganya. "Wengi walikupa nne kwa kumi."

"Na yule msichana?"

"Nane."

Akaendelea kukata sukuma wiki, nyembamba kuliko kawaida yake. "Kumbe hata wateja wangu hunisikia hivyo," akasema.

Nilikuwa nimekwenda kumwokoa mtoto, nikamjeruhi mama yake. Usiku ule sikujua nimwombe Mungu nini.

Kesho yake yule mwalimu alimfuata mke wangu dukani. Alisimama kati ya mikebe ya rangi mpaka wateja wakapungua, ndipo akasema, "Chuoni walinicheka sana. Nilikuwa nafanya mazoezi ya l mbele ya kioo hadi ulimi unauma. Msichana wako akifungua mdomo, najisikia mimi. Nataka anyamaze kabla hawajamcheka."

"Na sasa unamnyamazisha wewe."

"Nimeona. Nifanye nini?"

"Mngoje amalize."

Jumatatu aliniomba niwe naketi nyuma ya darasa lake nikipata nafasi, nijikune kichwa kila anapomkatiza mtoto. Siku ya kwanza nilijikuna mpaka watoto wakadhani nina chawa. Baada ya kipindi aliegemea ukuta akalia. "Mdomo wangu unatangulia, Mwalimu. Nikishtuka, tayari." Lakini hakuacha. Kufikia mwisho wa muhula aliweza kungoja, mikono ameikunja nyuma, hata kama mtoto anajikwaa kila mstari.

Binti yangu hakuinua mkono hata mara moja.

Sasa yuko gredi ya tano, kwa yule mwalimu wa sayansi aliyenifokea. Yule mwalimu wake wa zamani alikwenda mwenyewe kuzungumza na mwenzake huyo. Akaambiwa kuna silabasi ya kumaliza. Juzi huyo wa zamani alinisimamisha kwenye veranda akanieleza alichogundua akichungulia dirishani kwao: binti yangu humnong'oneza jibu mwenzake wa dawati, mwenzake anainua mkono, anasema, anasifiwa. Ni hivyo kila siku.

"Anajua kila kitu," akaniambia, macho yamejaa machozi. "Kila kitu, Mwalimu."

Kengele ikalia. Tukabaki tumesimama pale, yeye na mimi, watoto wakitupita pande zote.