Kipisi Nyuma ya Sikio

Mkaguzi wa boma hakuwahi kuingia na moto duka lolote lenye mafuta ya taa. Akifika mlangoni huizima sigara kwa vidole vyake vilivyoungua hadi vikawa sugu, kisha kipisi hukichomeka nyuma ya sikio. Mwanasha, mwenye duka hapo Magomeni, alimtazama roho juu. Kibali chake kilikuwa cha madebe mawili tu, yakae uani. Mengine, ya kuwauzia wakata mkonge, alikuwa ameyaficha chumbani, chini ya kitanda. Mkaguzi akanusanusa, akasogea hadi kwenye pazia la chumba. Hakulifunua. Alikitoa kile kipisi kilichozimika zamani, akakifinya tena mpaka kikasagika.

“Watoto wanalala wapi, mama?”

“Humo,” akajibu Mwanasha, na hapo ndipo harufu ilipomfikia yeye mwenyewe.