Makofi Ambayo Baba Mdogo Hakuyaitikia

Naikumbuka vizuri, mwanangu, jioni niliyotoka darasa la watu wazima pale Chanji na neno moja jipya la Kiingereza, "deafen", nimelibeba kichwani kama debe la mahindi. Mwalimu alisema ni sauti kumfanya mtu asisikie. Wenye lugha yao hulitumia kwa kelele inayoziba masikio kwa muda, kama radi ikipiga karibu; na hulitumia pia kwa kelele inayomwacha mtu kiziwi moja kwa moja.

Nikanyoosha mkono. Mimi nilijua uziwi ni wa kuzaliwa nao, au wa ugonjwa.

"Mwalimu, kelele tu inaweza kumaliza masikio ya mtu mzima?"

"Kidogo kidogo, inaweza. Na mwenyewe anaweza asijue."

Basi, jibu lile likaning'ang'ania. Baba mdogo Dezideri alikuwa na mashine ya kusaga kule Izia. Ikiunguruma, kuku wa Kasesya walivuka mpaka wakaomba hifadhi Zambia! Miaka ishirini alikuwa amesimama ubavuni mwake. Na ukoo mzima ulikuwa umemkasirikia. Sisi Wafipa, unajua, salamu ni kuchutama na kupiga makofi taratibu, na mwenzako anaitikia kwa makofi. Sasa bibi, mama yake mzazi, alikuwa amempigia makofi mlangoni mara mbili, mashine imezimwa, akapewa mgongo.

"Dezideri amepata mashine, hatuoni tena sisi ndugu zake," bibi akalia.

Kikao kikapangwa Jumapili, kumtenga na shughuli zote za ukoo. Mshitaki mkuu nilikuwa mimi. Ulimi wangu enzi zile ungepasua mbao.

Asubuhi iliyofuata darasa lile nikaenda Izia kuchunguza. Mashine ilikuwa kimya, yeye anafagia unga, mgongo kwangu. Nikachutama, nikapiga makofi. Kimya. Nikaongeza. Kimya. Nikapiga mpaka viganja vikawaka pilipili na njiwa wa kata nzima wakaruka. Yeye anafagia tu.

Nikazunguka mbele yake. Ufagio ukamdondoka.

"Ee! Umefika saa ngapi, wewe?" Akachutama mbio mbio, akapiga makofi yake. Kisha akaniangalia kwa unyonge. "Mbona siku hizi hamnisalimu? Hata mama anakuja, anaondoka kama mgeni. Nimewakosea nini?"

 Kumbe, mwanangu, naye alikuwa na kesi yake juu yetu.

Jumapili nikasimama kikaoni, mashitaka yangu nikayameza, nikaeleza nilichokiona.  Bibi aliinuka, akamzunguka mwanawe mpaka mbele ya uso wake, akapiga makofi. Akaitikiwa. Watu wakalia mpaka nikadhani Ziwa Rukwa litafurika. Masikio hayakurudi, hapana. Daktari alisema yaliyokwenda yamekwenda, yaliyobaki yazibwe kila mashine inapowashwa. Akaziba. Lakini mama yake alirudi.

Kwa hiyo mwanangu, mtu asipokuitikia, usikimbilie kusema anaringa. Zunguka mbele yake, akuone, umsalimu tena. Ukifanya kazi penye kelele, ziba masikio yako ungali nayo. Na ukijifunza neno jipya, hata la watu wa mbali, liulize linamhusu nani hapo nyumbani kwenu.

Mungu akutunzie masikio yako, mwanangu. Na siku yatakapochoka, akupe watu wa kukuzunguka mpaka mbele, viganja vikiwa tayari.