Nundu ya Kisima Chetu

Wazazi walipofariki niliacha shule nikiwa darasa la sita, nikabaki Nyangoto na mdogo wangu wa kiume, shamba na kisima. Yeye alisoma mpaka chuo. Kiangazi kilichopita kisima kilikaribia kukauka. Nikashuka mwenyewe, nikakichimba zaidi, maji yakapanda. Kila Jumapili nilipima maji kwa kamba yenye mafundo na kumtumia vipimo kwa simu, naye akavichora kwa kompyuta.

Alipokuja likizo alinionyesha. Mstari wetu ulishuka, kisha ukainuka kama nundu ya ng'ombe.

"Huu nauandika mara moja tu, dada. Naupa jina, halafu nauita kwenye kila mchoro: kisima peke yake, kisima na mvua, kisima na visima vya majirani."

"Kama gauni langu," nikamwambia. "La kanisani ndilo la msibani."

Akacheka sana. "Ndiyo hivyo! Likichanika kanisani, na msibani limechanika."

Kisha akaja mtu kutaka kununua shamba, hapo hapo wazazi walipolala. Nilikataa. Mdogo wangu akasema yuko upande wangu. Ukoo ukaketi kuamua, naye akasimama na kompyuta kueleza hali ya maji.

Mchoro wa kwanza, mstari wetu ulishuka moja kwa moja mpaka chini. Nikadhani amekosea. Wa pili, hivyo hivyo. Kwenye wa tatu nikaelewa. Alikuwa ameikata nundu mara moja, pale mstari unapoandikwa, ikapotea kote.

"Shamba lisilo na maji la nini? Tuuze," alikuwa akiwaambia.

"Nundu yetu iko wapi?"

"Dada, mambo ya kompyuta huyajui."

"Gauni nalijua."

Baba mdogo, mkubwa wa ukoo wetu, akaenda kisimani akateremsha ndoo. Ilirudi ikimwagika.

"Mura," akamwita mdogo wangu, "njoo unywe ukame wako."

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikuweza.

Shamba halikuuzwa. Jioni alinifuata jikoni. "Nimeirudisha, dada. Nimerekebisha sehemu moja tu, michoro yote imekaa sawa."

Niliendelea kusonga ugali. Nilimkumbuka mgongoni kwangu tukienda zahanati, akiwa na homa. Nilimkumbuka na sare mpya siku ya kwanza ya shule, kisha akilia kaburini, amenishika sketi. Kote alikuwa na uso ule wa kikaoni.

Nikampakulia kama siku zote. Alikula, nami nikatazama moto.