Meli Inayobeba Treni

Nilipokuwa mdogo niliamini reli inapita chini ya ziwa. Niliiona ikiishia majini kule bandarini, na baba akaniambia inaendelea upande wa pili, Uganda. Basi nikawa nalala nikiwaona sato wakiipisha treni.

Kumbe mabehewa yanavuka ndani ya meli, na baba ni mmoja wa wanaoyafunga kwa minyororo yasitembee. Mwalimu wa jiografia anaiita njia hiyo ushoroba: mizigo ya nchi jirani inapita kwetu. Mimi kimoyomoyo naiita njia ya baba, ila darasani sijawahi kunyoosha mkono.

Nyumbani kwetu Pasiansi, mtaa unaotazama ziwa, mama hainjiki maharage mpaka aione meli ikirudi. Mabehewa yanashushwa kwa kupokezana, la kulia halafu la kushoto, meli isije ikalala upande, na kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Kwa hiyo baba akifika mlangoni, maharage yameiva.

Wiki ya mahafali yangu ya kidato cha nne, meli ilikwama ng'ambo ikingoja shehena ya kahawa. Nilitaka kitu kimoja tu, baba anivishe shada. Kwenye simu nikashindwa kusema, nikamuuliza kama huko kuna mvua. Mama ndiye aliyemwambia.

Siku yenyewe, tukiwa mstarini uwanjani, ziwa lilikuwa jeupe, halina mwisho, na meli ikatokea polepole kama inayoelea hewani. Nikajua baba hatawahi. Kwenye viti vya wageni nikamwona mama anasimama, anajifunga khanga kiunoni, anaondoka. Shangazi akamshika mkono.

"Wifi, unakwenda wapi na mtoto hajavishwa?"

"Si meli hiyo? Nikainjike maharage."

Wageni walicheka, na sababu ikapita mdomo kwa mdomo mpaka ikatufikia sisi wa mstarini. Mama akaketi, kichwa chini. Baadaye akanivisha shada lake, shangazi la kwake. La baba, ambalo mama alimnunulia, nikarudi nalo nyumbani ndani ya mfuko wake.

Jioni nilikataa kuvua sare. Baba aliingia na ovaroli yake ya kazini, maharage bado magumu. Nikamwamkia shikamoo, nikampa ule mfuko wenye shada. Akanawa mikono kwanza. Akanifunga shada kwa nyuma, taratibu, kisha akalivuta kidogo, kama anavyojaribu minyororo yake.

"Hapo hutikisiki," akasema.

Nikakaa nalo shingoni, nikilitazama ziwa, mpaka maharage yakaiva.