Raimundi na Bunduki ya Marehemu Dionisi

Saa mbili asubuhi, Raimundi Matimbwi ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba yake huko Katindiuka, pembeni mwa Ifakara, amepakata bunduki isiyo yake. Anavuta komeo nyuma, analisukuma mbele, anasikiliza. Kisha analivuta tena. Mara ya kwanza ilikuwa kazi. Hii ya pili ni ya kujifurahisha tu, na anajua kwamba mwandishi wa makala haya amemwona.

Raimundi, mwenye umri wa miaka hamsini na nne, ni fundi wa bunduki. Watu humletea magobori yaliyopasuka mitutu na vitako vya mbao vilivyovimba kwa unyevu wa bonde hili. Lakini kinachowatoa wengine ng'ambo ya mto Kilombero hadi kwake si tupa wala nyundo. Muuzaji na mnunuzi wakishindwana, humwendea yeye, na bei atakayoitaja ndiyo hiyo. Malipo yake ni shilingi mbili, au kuku, au asante. Mwezi ukiwa mzuri, kazi zote pamoja humpatia shilingi arobaini.

Bunduki ya leo ni ya Mjerumani, ya kabla ya vita vile vya kwanza, iliyokuwa ya Dionisi, mwindaji wa Mchombe aliyefariki mwaka jana. Mjane wake, Balbina, ameketi mkekani akitazama. Bomani Mahenge wamemwambia aiuze kwa mtu mwenye kibali kabla mwezi haujaisha.

"Shemeji, mfanyabiashara mmoja wa sokoni aliichungulia, akasema imeoza ndani," anasema Balbina. "Alitaka kunipa shilingi sitini. Nikasema heri nikuletee wewe. Nipe chochote ulicho nacho, uichukue."

Hapo inafaa msomaji ajue jambo moja. Raimundi alifuatana na Dionisi porini miaka kumi na miwili, akibeba risasi na unga. Aliruhusiwa kuipiga bunduki hii mara moja tu, nyati akaanguka, na tangu siku hiyo hajaitamani bunduki nyingine.

"Kibali ninacho, mwaka wa tatu huu," anasema na kucheka kidogo. "Bunduki ndiyo bado." Ndani ana shilingi mia na themanini, alizoziweka kidogo kidogo.

Anaweka ukucha wa kidole gumba pale risasi inapoingilia ili mwanga urudi ndani, kisha anachungulia kwenye mdomo wa mtutu. Ni kweli, ndani ni weusi mtupu, una magamba. Anachungulia tena. Ananyamaza muda mrefu hata Balbina anaanza kukusanya khanga yake.

"Nilikwisha kujua," atamwambia mwandishi baadaye. "Dionisi aliipaka mafuta ya kiboko, hakutaka mafuta ya dukani hata kwa dawa. Yakikaa mwaka mzima hukauka, yakawa kama kutu. Nilijua kwa harufu kabla sijachungulia. Nilinyamaza kwa sababu niliitaka."

Kisha anamwita mkewe, Margareta, alete maji ya moto.

Anamimina, anasugua kwa kitambaa kilichofungwa kwenye ufito, anatoa uchafu mweusi kama masizi ya chungu. Anasugua tena. Kitambaa cha tatu kinatoka cheupe. Anampa Balbina achungulie mwenyewe, na ndani michirizi ya mtutu inang'aa yote, mwanzo hadi mwisho.

Anachomeka ncha ya risasi kwenye mdomo wa mtutu. Haizami. "Mtutu uliochakaa huimeza," anaeleza. Komeo ni lake la asili. Kasoro ni ufa wa kitako uliofungwa kwa waya wa shaba, na kwa ufa huo anapunguza shilingi hamsini. Waya aliufunga yeye mwenyewe, siku Dionisi alipoteleza kwenye tope la mto.

"Mia nne na hamsini," anasema. "Usipokee chini ya hapo, shemeji."

Balbina anamtazama. Anajua kwamba kwa bei hiyo mtu huyu amejinyima bunduki. "Laiti ningekuwa na uwezo, ningekuachia," anasema taratibu. "Lakini maji ya masika yameondoka na ukuta wangu mmoja. Tunalala kwa jirani."

"Jenga," anajibu Raimundi.

Mnunuzi hachelewi. Alasiri anafika Hilari, mkulima wa huko huko Mchombe, mwenye kibali na mashamba ambayo tembo huyageuza uwanja wa ngoma. Anasikia bei, anaguna, anataka ipunguzwe kwa ajili ya kile kitako. Raimundi anamwambia kitako kimekwisha kupunguzwa. Hilari analipa, anaifunga bunduki ndani ya gunia, ananing'iniza gunia kwenye baiskeli na kuondoka. Raimundi anasimama njiani mpaka baiskeli inapotelea kwenye matete.

Je, anajuta? "Inaniuma," anasema bila kuzunguka. "Ningemdanganya mke wa Dionisi ingeniuma pia, tena kila ninapoishika. Lakini hii ya leo inaniuma, nisikudanganye."

Mpango anao. Mpunga wa Mchombe ukianza kuiva na tembo kushuka, ataomba kulala kwenye dungu la Hilari, lile jukwaa la kulindia shamba. Amekwisha kumwambia, naye amekubali.

"Si kuipiga," anasema. "Hilari akifyatua juu kuwafukuza, niwe karibu. Sauti yake naijua. Nikiisikia mara moja nitarudi nyumbani."

Margareta ameandaa ugali na kambale, na bakuli la maji ya kunawa. Raimundi anaitazama mikono yake, bado myeusi, bado inanuka mafuta ya kiboko.

"Nawa, chakula kinapoa," anasema mkewe.

"Kiache kipoe kidogo," anajibu Raimundi, na mikono anaiacha magotini.